Kilo Tano za Vifungashio

Ujumbe uliingia Jumatatu asubuhi, nikausoma mara tatu kabla chai haijapoa. Duka la mtandaoni tunakouzia vikombe vya mume wangu lilikuwa linatuarifu, kwa upole ule wa watu wanaojua wameshika mpini, kwamba kufikia Ijumaa saa sita mchana tuwe tumeandika namba yetu ya usajili wa vifungashio katika ile nchi ambako karibu wateja wetu wote wanaishi. Bila namba hiyo bidhaa zetu zingeondolewa. Walimalizia kwa kututakia wiki njema.

Nitaieleza sheria yenyewe kwa ufupi, maana mimi ilinilia asubuhi nzima na sina nia ya kumtesa mwingine. Mtu akinunua kikombe, kikombe anabaki nacho. Boksi, karatasi, nailoni na utepe wa gundi anavitupa. Huko kwao wameamua kwamba gharama ya kuvikusanya hivyo vinavyotupwa aibebe aliyevipeleka, hata kama yuko bara jingine na hajawahi kupanda ndege. Kwa hiyo unajisajili, unataja ulipeleka kilo ngapi mwaka uliopita, karatasi mbali, plastiki mbali, unalipia, unapewa namba. Namba hutoka baada ya siku tatu za kazi.

Niliona ni uonevu mtupu. Nilisema hivyo kwa sauti nikiwa peke yangu sebuleni, kisha nikaenda kusema tena karakanani ili nipate wa kunisikiliza.

Karakana yetu ni chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo. Upande mmoja kuna gurudumu la kufinyangia, na mume wangu amekaa hapo tangu saa kumi na mbili, suruali imejaa udongo mpaka magotini. Upande wa pili, chini ya dirisha, kuna meza ndefu ya mama mkwe. Yeye ndiye anayefunga mizigo. Katikati kuna rafu za vikombe vinavyosubiri tanuri, na ukipita hapo unapita kiubavu.

"Wanataka tulipie maboksi yao," nikasema.

"Maboksi yetu," mume wangu akanirekebisha bila kuinua macho. Ana tabia hiyo.

Sasa mnielewe kwa nini nilipaniki, maana si kawaida yangu kupanikishwa na karatasi. Mume wangu ni mfinyanzi leo, lakini kabla ya hapo alikuwa fundi wa kufunga nondo za madaraja, na madaraja hayajengwi mtaani kwetu. Kwa miaka saba nilikuwa mke wa simu. Alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, anakaa siku kumi, watoto wanaanza kumzoea, anaondoka. Mtoto wetu wa pili alipoanza kutembea, baba yake alioneshwa video. Miaka minne iliyopita vikombe alivyokuwa akifinyanga likizo vikaanza kununuliwa ng'ambo, kwanza vitatu, mara thelathini, mpaka siku moja akarudi na mabegi yake yote na hakuondoka tena.

Msimamizi wake wa zamani hajawahi kukata tamaa. Kila baada ya miezi kadhaa anapiga, na wiki ile alikuwa amepiga: daraja jipya, miezi sita, gari linaondoka Jumapili, jibu atoe Jumamosi. Ada za watoto zilikuwa mlangoni, na hatukuwa na kitu kingine kinachoingiza chochote isipokuwa vikombe. Kwa hiyo nilipoona hiyo Ijumaa saa sita mchana, nilichokiona ni mume wangu akipanda gari.

Nilimpigia rafiki yangu anayeuza vikapu ng'ambo kupitia duka hilo hilo. Huyu dada hana jambo linalomtoa jasho.

"Andika kilo tano," akaniambia.

"Tano? Sisi mwaka jana tumetuma mizigo zaidi ya mia na hamsini."

"Kwani nani atakuja kupima? Hayo maboksi yalishakuwa majivu zamani. Mimi niliandika nne, mwaka wa pili huu, hakuna aliyepiga hata chafya."

Nikaandika tano. Tatu za karatasi, mbili za plastiki, ili ionekane nimefikiria. Nikalipia, nikatuma, nikamnong'oneza mume wangu kwamba nimeandika tano, na nikapika mchana huo nikiimba. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: siku tatu za kazi, namba inafika Alhamisi, Ijumaa inapita kama siku nyingine yoyote.

Jumanne niliingia karakanani kuchukua mzigo wa kwenda posta. Mama mkwe alikuwa anamalizia boksi. Lazima niseme kidogo kuhusu anavyofunga, kwa sababu hajawahi kununua kifungashio hata siku moja na anaona anayenunua ana kasoro ya akili. Anazunguka madukani na kamba yake begani. Maboksi ya biskuti anapewa na mwenye duka la jumla. Trei za mayai, zile za karatasi, anapewa na muuza chipsi. Vipande vya sponji nyeupe, ile ngumu inayokuja na majokofu, anapewa na muuza vyombo vya umeme, pamoja na nailoni yenye vipovu vya hewa ambavyo mtu mzima akiishika lazima avipasue. Kikombe kimoja anakivisha kama mtoto anayetolewa nje kwenye baridi. Katika miaka minne, kati ya mamia ya vikombe, vilivunjika viwili, na mpaka leo anamlaumu mtu wa posta.

"Mkwe wangu," akasema, "ile barua ya jana inasemaje hasa?"

"Ni hela ya taka tu, Mama. Usijali, nimeshamaliza."

"Taka za nani?"

"Zetu. Yaani hivi vya kufungia."

Akaacha kukata utepe. "Vikifika kule vinakwenda wapi?"

"Mtu anatoa kikombe chake, vingine anaweka nje. Gari la taka linapita."

"Na anayetembea nyuma ya gari?"

Nilikuwa nimesoma kurasa kumi na moja za ile sheria na hakuna mahali nilipomfikiria mtu anayetembea nyuma ya gari.

Mama mkwe alifagia barabara za manispaa miaka ishirini na sita. Familia nzima tunajua, kwa sababu ndiyo kazi iliyomsomesha mume wangu, na kwa sababu hadi leo Mama hawezi kupita mahali pachafu bila kusonya. Lakini kazi yenyewe hakuwahi kuizungumzia. Siku ile alikaa kwenye kigoda chake, akachukua kipande cha sponji nyeupe mezani, akakivunja katikati. Zikamwagika punje, nyingine zikamng'ang'ania mkononi, nyingine zikaruka mpaka kwenye gurudumu.

"Mtaa wangu ulikuwa na maduka matatu ya majokofu," akasema. "Boksi likilowa mvua ni zito, lakini linabebeka. Hii haibebeki. Hii huifagii, unaifukuza. Upepo ukija unakimbia nayo, wenye maduka wamesimama mlangoni wanakucheka. Nilikuwa na mimba ya huyu." Akamwelekezea mwanawe kidole. "Nakimbizana na punje na tumbo liko hapa."

Mume wangu alikuwa amesimamisha gurudumu.

"Na miaka minne sasa nampelekea mwenzangu hizi hizi," Mama akaendelea. "Tena nikijisifu nimezipata bure."

Nilitaka kumwambia kwamba huko wana mashine. Huenda wanazo kweli. Lakini uso wake ulikuwa umenyauka, nikainama kuokota punje.

"Umeandika kilo ngapi?" akaniuliza.

Mtu mwerevu angesema sikumbuki.

"Tano, Mama."

Akaliinua boksi lililokuwa mbele yake kwa mkono mmoja, akalirusharusha kidogo. "Hili peke yake, ukitoa vikombe, ni nusu kilo na ushee," akasema. Akarudi kwenye kazi yake, na mimi nikabeba mzigo kwenda posta nikiwa na hasira zangu, sijui hata za nani.

Jumatano asubuhi nilimkuta ameweka mizani ya jikoni juu ya meza yake na boksi la risiti za posta pembeni. Hakuniomba kitu. Alikuwa tu amekaa, miwani puani, akizipanga risiti kwa miezi. Unajua jinsi wazee wanavyoweza kukuamrisha kwa kunyamaza. Nikavuta kiti.

Njia ilipatikana haraka kuliko nilivyotegemea. Kila risiti ina uzito wa mzigo mzima. Idadi ya vikombe ninayo kwenye kumbukumbu za oda. Mume wangu ana mkono wa kupima: vikombe vyake, kimoja na kingine, havipishani zaidi ya gramu kumi. Ukitoa vikombe, kinachobaki ni vifungashio. Shida ilikuwa kujua ni vya nini, maana fomu inataka kila kitu mbali mbali, na hakuna mizigo miwili iliyofungwa sawa.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. "Huyu wa mwezi wa pili, vikombe vinne," nilikuwa nasoma, naye anafumba macho. "Boksi la biskuti, trei mbili, sponji hakuna, muuza majokofu alikuwa amesafiri." Mwingine: "Huyo nilimfungia kwenye boksi la sabuni, likanuka, nikalianika siku mbili." Mwingine: "Huyo nailoni tupu, Mungu anisamehe." Alikumbuka kila mzigo kwa mahali alipookota vitu vyake. Tukiwa na wasiwasi tulifunga boksi jipya kwa mtindo ule ule, tukalipima tupu, tukaandika. Saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza mizigo mia moja sitini na mmoja.

Kilo tisini na sita. Kati ya hizo, plastiki na sponji kilo thelathini na moja.

Nilimsomea. Alizitazama zile thelathini na moja kwenye karatasi kwa muda mrefu. Sponji ni nyepesi, na mtu aliyeikimbiza barabarani anajua kilo moja ya vile vitu inajaza nini.

"Haya, waandikie," akasema.

Ilibidi nimweleze. Nilikuwa nimeangalia asubuhi ile, nikitumaini kupata njia: ukirekebisha maombi, yanaanza upya. Siku tatu za kazi kuanzia Jumatano jioni, katikati Jumamosi na Jumapili. Namba ingekuja Jumatatu, labda Jumanne. Duka lingefungwa Ijumaa.

"Na likifungwa, Mama, hatujui litafunguliwa lini. Na Jumamosi anatakiwa amjibu msimamizi." Sikuwa na haja ya kumalizia.

Mama mkwe alivua miwani. Akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena.

"Basi acha tano," akasema.

"Mama..."

"Nimesema acha. Huyo mwenzangu wa kule atanisamehe. Amefagia sana, ataendelea kufagia." Akaanza kuzirudisha risiti kwenye boksi, na hata hapo alikuwa anazirudisha kwa mpangilio, mwezi kwa mwezi.

Sikiliza, mimi si mtu mwema kihivyo. Ningeweza kabisa kuishi na kilo tano. Nilishalala nazo usiku mbili na usingizi ulikuwa mtamu. Lakini kumwona yule mama, ambaye hajawahi kuchukua hata boksi bila kuomba, ananiomba nidanganye kwa ajili ya mwanawe, na kujua kwamba ni mimi niliyemfikisha hapo, kulinishinda. Nikainuka, nikapita kiubavu kati ya rafu, nikasimama mbele ya gurudumu.

"Umesikia?"

"Nimesikia," mume wangu akasema. Angewezaje kutosikia, chumba chenyewe hatua saba.

"Unasemaje?"

"Mmeshapima?"

"Tumepima."

"Basi andika mlichopima."

"Unajua maana yake?"

"Najua, mama watoto. Jumapili." Akalowesha mikono, akarudi kwenye udongo wake. Alisema kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

Nilimchukia kwa dakika kama tano hivi. Nilimchukia kwa utulivu wake, na kwa kuwa alijua hesabu zote tangu Jumatatu na akaniacha niimbe jikoni. Kisha nikaenda sebuleni, nikafungua maombi, nikafuta tatu na mbili, nikajaza mstari kwa mstari tulichopima. Kwenye nafasi ya sababu ya marekebisho niliandika kwamba mara ya kwanza hatukupima. Nikatuma saa kumi na dakika kumi.

Alhamisi nilifungua barua pepe mara nyingi mpaka mtoto akaniuliza kama nasubiri zawadi. Nilijipa matumaini ya kijinga, kwamba labda huko kuna mtu mmoja mwenye huruma ambaye ataona tarehe na kuturusha foleni. Kama yupo, siku hiyo hakuwa zamu. Ijumaa saa sita na dakika mbili nilifungua ukurasa wetu, na kila kikombe, cha bluu, cha kijivu, chenye mshikio mdogo wa watoto, kilikuwa na maneno yale yale chini yake: bidhaa hii haipatikani.

Jumamosi mume wangu alitoka nje kupiga simu. Niliangalia mgongo wake dirishani. Haikuchukua hata dakika tatu.

Jumapili ilikuwa fupi. Mama mkwe alimpangia begi mwenyewe, akanikataza kugusa. Alikunja mashati madogo madogo, akachomeka soksi ndani ya viatu, akatoa kila kitu akaanza upya. Watoto walimng'ang'ania baba yao miguuni, mmoja kila mguu, akatembea nao hivyo mpaka getini wakicheka, mpaka walipoliona gari. Aliniambia vikombe vya tanuri ya mwisho vitatosha miezi miwili tukiviuza kwa subira. Mimi nilimwambia afunge vizuri zipu ya pembeni. Hayo ndiyo tuliyoagana nayo, watu wawili waliokaa pamoja miaka minne mfululizo kwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

Namba ilikuja Jumanne asubuhi. Tarakimu kumi na tatu. Niliiingiza, na saa moja baadaye duka letu lilikuwa limerudi, vikombe vyote mahali pake, na oda moja imeshaingia kana kwamba hatukuwahi kuondoka. Nikampigia.

"Imekuja," nikasema.

Nilisikia vyuma vikigongana nyuma yake, na mtu akiita.

"Nilisaini mkataba jana, mama watoto."

"Miezi sita?"

"Sita."

Tuliongea ya watoto kidogo. Kisha akaitwa, akaenda.

Nilikaa sebuleni mpaka nilipoona sasa nakaa bure, nikaenda karakanani na ile oda. Vikombe viwili vya kijivu. Mama mkwe alikuwa mezani kwake. Alikuwa amerudisha sponji yote kwa muuza majokofu na, nilivyosikia baadaye, akamwachia na maneno. Mezani kulikuwa na trei za mayai tu, na karatasi za magazeti alizokata vipande vyembamba, rundo kubwa, kazi ya siku mbili. Gurudumu lilikuwa limefunikwa shuka.

Nikamwambia namba imekuja. Nikamwambia pia habari ya kusaini. Alichukua kikombe cha kwanza, akakizungushia karatasi, akakilaza ndani ya boksi, akachukua cha pili. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi vizuri tu.

"Unanilaumu?" akaniuliza.

Nilijua jibu ambalo mkwe anatakiwa kutoa. Lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Kidogo."

Akatikisa kichwa kukubali, pole pole.

"Mimi najilaumu sana," akasema. "Na kesho ungeniuliza tena kilo ngapi, ningepima."

Tulilia wote wawili, bila kutazamana, yeye akiwa amesimama na mimi nimeshika karatasi ya oda. Kisha akavitoa vikombe, akaliweka boksi na karatasi zake juu ya mizani, akasubiri mshale utulie. Nikafuta macho nikasoma. Gramu mia mbili na kumi, zote karatasi.

"Andika," akasema, nami nikaandika.